Pikapu ikilala nje: anza na vinavyomchelewesha mwizi, traka baadae

Wadau wa pikapu, kuna kitu kinaniumiza sana nikikiona. Mtu anapambana miaka, mkopo wa SACCOS humo humo, kauza na ng'ombe wawili watatu, ananunua Hilux yake, halafu ulinzi wa kwanza na wa mwisho anaofikiria ni traka, kile kifaa cha kukuonyesha gari liko wapi. Anafunga traka, anaweka programu kwenye simu, usiku analala fofofo. Traka ni nzuri, mimi mwenyewe ninayo, ila traka kazi yake inaanza gari likishaondoka. Hiyo ni ya kutafutia. Mimi leo nataka tuongelee vitu vinavyofanya gari lisiondoke kabisa, na vingi ni vya bei ya kawaida tu, kufuli, mnyororo, swichi, na kujua umepaki vipi na umemuachia nani.

Shughuli yangu ni mboga. Natoa karoti, kabichi na njegere Mgeta, kule milimani Morogoro, nashusha Dar, Ilala au Mabibo kutegemea na soko lilivyo siku hiyo, na biashara ya mboga ndo ilivyo, unatembea usiku ili alfajiri uwe sokoni. Kwahiyo gari langu linapaki kila aina ya sehemu, kwenye sheli, nje ya gesti, pembeni ya soko, Chalinze pale tunapokula, siku nyingine uwanja wa jirani wa mtu. Sina raha ya kusema gari liko ndani ya geti kila siku, na najua wengi wenye pikapu ya biashara tuko hivyo hivyo, ndo maana nayaandika haya.

Kwanza tuelewane kwanini pikapu. Hilux imeanza kutengenezwa 1968, na hizi za kizamani tunazotumia sisi wa mizigo nyingi ni za dizeli, injini za 2L, 3L, 5L, hazina makuu. Kinachofanya mafundi wazipende ndo hicho hicho kinachofanya wezi wazipende, vipuri vinaingiliana toleo na toleo, kila mji kuna mtu anavitafuta, na gari linawaka bila kuuliza kompyuta yoyote. Halafu angalia lilivyokaa. Gari ndogo ina buti inafungwa, pikapu bodi iko wazi, tairi la spea linaning'inia chini, na gari liko juu kiasi kwamba mtu anaingia uvunguni bila jeki. Na mwizi wa pikapu sio lazima aondoke na pikapu. Mara nyingi anaondoka na kitu kimoja, na wewe unakuja kugundua siku umepata pancha Mikese saa nane usiku.

Tuanze na funguo. Kama gari umelinunua mkononi kwa mtu, badilisha switchi ya funguo, yaani ile loki ya kuwashia yenyewe, na loki za milango. Usimuonee aibu aliyekuuzia, sio kwamba unamshuku, ila gari hilo limepita kwa madereva wangapi, gereji ngapi, waosha magari wangapi, na fundi funguo wa barabarani anakuchongea kopi dakika chache tu wala hakuulizi kadi ya gari. Dereva akiacha kazi nae hivyo hivyo, hata kama mmeachana vizuri. Na kuna kipimo unaweza kufanya mwenyewe sasa hivi: washa gari, halafu ukiwa umeliacha linaunguruma jaribu kuchomoa funguo taratibu. Kama inatoka, ujue vile vibati vya ndani ya loki vimelika, na loki iliyofikia hapo inakubali funguo ya mwenzio, inakubali hata mkasi uliotiwa tupa. Ulaya walilazimisha magari mapya yaje na imobilaiza tangu 1998, ile chipu ndani ya funguo ambayo injini isipoitambua haiwaki, sasa Hilux zetu za zamani hazina hiyo, loki ndo mlinzi pekee waliyekupa kiwandani, kwahiyo ikiwa mbovu huna kitu.

Ukipaki kata usukani mpaka mwisho, chomoa funguo, halafu utikise usukani mpaka usikie umejifunga kwa ule mlio. Wengi wanachomoa tu wanashuka, usukani hata haujajiloki. Matairi ya mbele yakiwa yamekatwa na usukani umefungwa, hata wakilivuta kwa gari lingine halifuati, linakwenda upande. Weka na gia, vuta hendibreki. Vitu vya bure kabisa hivi.

Baada ya hapo ndo vyuma. Kuna lile bomba la kufunga usukani, wanauza madukani mpaka barabarani kwenye foleni, na kuna loki ya gia ambayo fundi anaifunga chini kwenye bodi pembeni ya gia, ukiweka risivu unachomeka kitasa unafunga. Mimi napenda ya gia zaidi. Usukani wenyewe mtu akiwa na msumeno wa chuma anaukata ule mduara, bomba linatoka lenyewe bila hata kuguswa, wakati loki ya gia imeshikwa na bolti za kwenye bodi na akitaka kuivunja lazima ainame ndani apige kelele. Na hata akikanyaga klachi wenzie wakasukuma, kuliendesha hawezi, labda aende risivu mpaka kwao. Ila bomba la usukani usilidharau, nunua lenye rangi kali, njano au jekundu, kwasababu mwizi anamulika tochi kioo cha mlango kabla hajagusa kitu chochote, na akiona pale kuna chuma na pikapu ya pili yake haina, anahamia ya pili. Inauma kusema ila ndivyo ilivyo.

Nyie wenye double cabin mpya za kubonyeza kitufe msije mkadhani haya ya vyuma ni ya sisi wa gari za kizamani. Kuna jamaa Uingereza anaitwa Ian Tabor, mtaalamu kabisa wa usalama wa kompyuta za magari, RAV4 yake iliibiwa nje kwake London mwaka 2022. Kabla ya kuibiwa alikuta mara mbili bampa limechezewa na waya za taa ya mbele zimevutwa, akadhani ni wahuni wanaharibu tu. Baadae yeye na mwenzie Ken Tindell wakachunguza wakatoa maelezo Aprili 2023: mwizi anachomoa soketi ya taa ya mbele, anachomeka kifaa kwenye nyaya za mawasiliano ya gari, kifaa kinaidanganya gari kwamba funguo halali ipo, milango inafunguka, injini inaruhusiwa kuwaka. Kifaa chenyewe kilikuwa kimefichwa ndani ya spika ndogo ya bluetooth. Sasa gari limewaka, sawa, lakini kama kuna bomba la chuma kwenye usukani au gia imefungwa kwa kitasa, ile spika haina inachoweza kufanya, inabidi arudi kwenye msumeno kama mwizi wa zamani. Na funguo zenu hizo za rimoti usiku msiziweke kwenye kabati la karibu na mlango wa mbele, kuna wanaonasa ile mawimbi yake toka nje wanaipeleka mpaka kwenye gari. Iweke ndani kabisa kwenye mkebe wa bati wenye mfuniko unaobana, halafu jaribu, sogea na huo mkebe mpaka kwenye gari, mlango usipofunguka mkebe unafaa.

Sasa nakuja kwenye kitu ambacho kama una pesa ya kitu kimoja tu, weka hapa. Swichi ya siri.

Fungua boneti ya Hilux ya 3L au 5L, angalia pampu ya dizeli, kwa nyuma kule ambako zinatokea zile paipu za kwenda kwenye nozo. Utaona kidude cha mviringo, ukubwa wa kidole gumba, kimesimama, juu yake kuna waya mmoja umebanwa na nati ndogo. Hiyo ni solenoidi ya kukata dizeli. Ukiweka switchi on bila kuwasha, ukiwa umetega sikio, unaisikia inagonga tik, umeme wa 12V umeifungua na dizeli ina njia ya kupita. Ukizima, umeme unakatika, springi inairudisha, njia inaziba, injini inazima. Gari zima la dizeli, na mzigo wote huo, kuwaka kwake kunategemea waya mmoja. Fundi umeme anaukata huo waya mahali anaupitisha kwenye swichi iliyofichwa ndani, basi. Usipoibonyeza swichi, stata inapiga vizuri, betri ina nguvu, injini inazunguka, ila haishiki moto. Mwizi anapiga, anapiga tena, hajui kama dizeli imeisha au kuna hewa imeingia kwenye mfumo au gari ni bovu, na kila akipiga stata usiku wa manane mtaa mzima unasikia. Hiyo kelele ndo unayoitaka.

Sasa fundi wengi watataka kukuwekea swichi chini ya dashibodi upande wa usukani kwasababu waya uko karibu na kazi inaisha haraka. Kataa. Mkono wa mwizi unaanzia hapo hapo. Tafuta sehemu ambayo wewe ukikaa unaifikia bila kuinama lakini mtu hawezi kuiotea, na nzuri kuliko zote ni kutumia kitu ambacho tayari kipo kwenye gari, mfano swichi ya foglaiti ambazo gari lako halina, au kitufe chochote cha kiwandani ambacho hakifanyi kazi yoyote. Mtu anaangalia dashibodi yote anaona ni dashibodi. Ukienda gereji au kuosha gari, zima swichi bila kuonekana, ukiondoka bonyeza bila kuonekana, wala usimuonyeshe kijana wa kuosha ili asogeze gari, sogeza mwenyewe.

Lakini usikubali kazi ya ovyo kwenye huo waya. Waya uwe mnene sawa na ule wa kiwandani, maungio yaunganishwe kwa risasi na kufunikwa vizuri, sio kusokota na kuzungushia selotepu, na swichi iwe ngumu isiyoguswa kwa bahati mbaya na goti la abiria. Unajua kwanini nasisitiza, ukiwa unashuka milima ya Mgeta na gunia za karoti hadi juu halafu waya ukachomoka, injini inazima, usukani unakuwa mzito, breki baada ya kukanyaga mara mbili tatu zinakuwa ngumu kama unakanyaga jiwe. Ulinzi usije ukakuua. Na udhaifu wake mwingine ni kwamba mwizi anaejua dizeli atafungua boneti atavuta waya toka kwenye betri moja kwa moja mpaka kwenye kichwa cha solenoidi, gari linawaka. Kwahiyo boneti nayo iwe na loki yake, hata mnyororo mfupi wenye kufuli ndani ya grili, na ukimpata fundi wa kuchomelea mwenye akili anaweza kukutengenezea kikopo cha bati kinachofunika hicho kichwa kikafungwa na bolti zinazohitaji spana ya aina yake. Wenye gari za petroli kwenu nyie inakatwa pampu ya mafuta pale kwenye relei yake, hapo mjue tu gari linaweza kuwaka likatembea kidogo kwa presha iliyobaki kwenye paipu halafu ndo linazima, sio mbaya, linamzimia barabarani.

Kuhusu kupaki. Kuna kubishana sana kama upaki kwa kurudi nyuma au uingie na pua, mimi msimamo wangu ni huu, ukiwa na mzigo au una spea nzuri rudi nyuma mpaka mlango wa bodi ukaribie ukuta, mtu asipate pa kusimama. Hapo umelinda mlango wa nyuma, mzigo na tairi la spea kwa mpigo mmoja. Ukiwa bodi tupu na unaogopa gari zima kuchukuliwa, ingia na pua ukutani, ili atakaeliondoa alazimike kutoka risivu, na boneti ikiwa imesogea ukutani hafungui. Mfuniko wa tenki ukiweza uelekee upande wa ukuta pia. Mkiwa wawili watatu mnaosafiri pamoja, fungianeni, Canter ya mwenzio ikae mbele ya pua yako, na atakaeondoka kwanza asubuhi ndo awe wa nje. Sisi wa Mgeta tunafanya hivi sana na nawashauri wengine.

Halafu mlinzi. Jamani mlinzi wa sheli au wa gesti sio nguzo, ni mtu, ongea nae. Kwenye sheli nyingi za barabara ya Morogoro wanakubali gari lilale kwa hela kidogo, ila wengi wetu tunafika tumechoka, tunampa mtu yeyote aliyesimama pale na rungu buku mbili, tunaenda kulala. Yule uliyempa huenda anatoka zamu saa sita usiku na wa pili hajui habari yako. Uliza zamu inaisha saa ngapi, nani anaingia, kama wana daftari gari liandikwe namba na saa, chukua namba yake ya simu na yeye umpe yako, muonyeshe kwa tochi mkizunguka gari pamoja: spea hii hapa, betri ipo, turubai limefungwa hivi. Hela nusu mpe usiku, nusu asubuhi mkishazunguka tena. Hilo la kuzunguka pamoja ndo lenye nguvu, mtu akishaona na wewe kwa macho yake kwamba tairi lilikuwepo anajua ataulizwa. Na yale mabango ya "paki kwa hatari yako mwenyewe" yasome, mwenzangu mmoja aliamka kwenye gesti fulani kakuta betri haipo, mwenye gesti akamuonyesha bango kwa kidole tu, mazungumzo yakaishia hapo.

Kama gari linalala mtaani kwenu, jitambulishe kwa ulinzi shirikishi na mjumbe wako, wajue hii pikapu ni ya nani na kwa kawaida inatoka saa ngapi. Mimi natoka saa za ajabu, kwahiyo nimewaambia kabisa, mkiona linatoka na sio mimi niliyeko kwenye usukani simamisheni kwanza mpige simu.

Tairi la spea ndo kitu kinachoibiwa kizembe kuliko vyote. Pale chini linashikwa na cheni ya kuviringishwa, na kule nyuma kuna tundu la kupitishia chuma cha kuzungushia. Hicho chuma kiwandani wanakupa na gari, lakini nondo yoyote iliyokunjwa na kuchongwa kidogo mbele inafanya kazi ile ile. Mtu anachomeka, anazungusha, tairi linashuka taratibu bila hata kelele, anachomoa kile kisahani cha katikati, anaondoka analiviringisha kama fundi tairi. Dawa yake ni mnyororo wa chuma kigumu, upitishe kwenye tundu la rimu, uzungushe kwenye chesesi au kwenye membe ya katikati ya chesesi, sio kwenye bampa wala kwenye paipu ya eksozi, halafu kufuli nzuri isiyo na shingo ndefu ili msumeno usipate pa kuingia. Kufuli la uvunguni linakula tope na vumbi, usipoliangalia siku ya pancha halifunguki na utalivunja wewe mwenyewe. Chukua kipande cha tyubu ya baiskeli, kata urefu wa kulifunika kufuli lote, livalishe, kinywa cha funguo kielekee chini, ndani tia grisi kidogo. Kila ukibadilisha oili ya injini lifungue ulifunge. Mnyororo nao uvalishe tyubu hiyo hiyo, usigonge gonge njiani ukakukera. Na funguo ya hilo kufuli ikae kwenye kundi la funguo za gari, sio ndani ya gari.

Hapo hapo, zile jeki na spana ya matairi ambazo kwenye single cabin zinakaa nyuma ya kiti, zifungie. Mwizi akivunja kioo anapata vifaa vyako vya kufungulia matairi yako, gari unalikuta juu ya mawe. Kama una rimu nzuri funga nati ya siri moja kila tairi. Na kile kioo cha nyuma cha kabini, kama gari lako lina kile cha kufungua katikati, kile kiloki chake kidogo kinasukumwa na bati jembamba tu. Mwambie fundi akuchomelee geti la nondo nyuma ya kabini kwa nje, linalinda kioo na mzigo unaoserereka ukifunga breki, na mtu mzima hapiti.

Mlango wa bodi wa nyuma kwenye baadhi ya pikapu za kisasa unatoka kwa kuinuliwa tu ukiwa umefunguliwa nusu, hauna bolti, na kwa zile zenye kamera kwenye huo mlango bei yake ni ya kulia. Marekani wizi wa hiyo milango umekuwa kilio cha siku nyingi. Kitu rahisi ni ile klipu ya chuma ya kukazia mipira ya rejeta, nunua kubwa, izungushe kwenye bawaba ya upande ule unaoinuka ukaze, mlango hauinuki tena mpaka klipu ilegezwe. Bei ya soda. Ukiweza kaza kichwa chake kielekee ndani ambako hakionekani mlango ukifungwa.

Mzigo mimi siuachi peke yake, nakwambia kweli, turubai na kamba vinazuia macho na mvua tu. Kama lazima uache, kamba zote zimalizie fundo upande mmoja, upande wa ukutani, na vitu vya thamani viwe chini katikati. Boksi la vifaa kwenye bodi lifungwe na bolti zinazokazwa toka ndani ya boksi.

Vitu vidogo dogo, vioo vya pembeni, indiketa, taa za mbele, nenda kachore namba ya gari. Vijana wa kuchora wapo kila mji, vioo vyote, taa zote, na vioo vya pembeni vipigwe ribiti. Kipuri kilichochorwa namba ya mtu kinauzika kwa shida na bei inashuka, ndo maana mwizi anakiruka. Mwambie achore na sehemu za kificho, ndani ya fremu ya mlango, chini ya kiti, nyuma ya dashibodi, siku ukihitaji kuthibitisha kwamba hili ni lako hata kama vioo vimebadilishwa. Betri nayo ichore kwa chuma cha moto ubavuni, na kibano chake kifungwe na nati inayohitaji spana ya tofauti. Tenki liwe na mfuniko wa funguo. Na wenye gari za petroli zenye masega kwenye eksozi, kile kidude cha kusafisha moshi, fahamuni yale masega yana platinamu, paladiamu na rodiamu ndani, madini ya bei, na pikapu kwa urefu wake kutoka chini mtu anayafikia amelala chali. Mwambie fundi achomelee kipande cha bati nene au nondo mbili za kuyashikiza na chesesi.

Alamu sitaki kuiongelea sana. Mjini zinalia bodaboda ikipita, zinalia mvua ikinyesha, hakuna anaetoka kitandani. Kama unayo ishushe usikivu isilie ovyo, na honi yake ifungwe mahali mtu hafikii kwa mkono kupitia kwenye grili. Hiyo inatosha.

Basi traka. Usimuachie fundi aiweke pale anapowawekea wote, na kisimkadi chake kiwe kimesajiliwa kwa kitambulisho chako mwenyewe, kiwe na salio na bando muda wote, maana laini ikikaa muda mrefu bila kuongezewa inafungwa na wewe hujui. Chagua yenye betri yake ndani ili wakichomoa betri ya gari iendelee kutuma. Kila mwanzo wa mwezi ijaribu, sio kuangalia programu kama inafunguka, hapana, lisogeze gari mtaa wa pili uone kama ramani imefuata. Na jua kwamba wapo wenye vifaa vya kuziba mawimbi, na gari likiingizwa ndani ya kontena la chuma ramani inasimama pale pale lilipoonekana mara ya mwisho. Ndo maana nimeiweka mwisho.

Kadi ya gari orijino iache nyumbani, kwenye gari weka kopi tu, kwasababu gari lililoibwa pamoja na kadi yake ni rahisi zaidi kuuzwa. Bima angalia unayo ipi, ile ndogo inamlipa utakaemgonga, pikapu yako ikiibwa haikuhusu, kubwa ndo inahusika, ipo pia ya katikati inayoongeza moto na wizi. Na kampuni za bima mara nyingi zinataka uwakabidhi funguo zote kabla ya kulipa, kwahiyo funguo ya pili ijulikane iko wapi. Piga picha kadi ya gari, namba ya chesesi pale ilipogongwa kwenye chuma, namba ya injini, gari pande zote nne na kila alama ya pekee, mkwaruzo, kiraka cha bati, stika, mtumie na mtu wa nyumbani. Ukiamka ukakuta gari halipo usianze kuzunguka mtaani na bodaboda, piga 112, tuma mtu mmoja kwa mlinzi aliyekuwa zamu asiondoke, wewe nenda kituoni na hizo picha upewe RB, yaani namba ya taarifa yako polisi, fungua traka mbele ya askari, na bima uwape taarifa siku hiyo hiyo.